M9

Gyumri, Julai. Hamazasp kaniletea ubao wa friji
kauviringisha kwenye taulo la jikoni kama kichanga mwenye homa,
na hesabu yake anaiburura nyuma: jibini arobaini na moja,
za maziwa ya kondoo, zimeanza kutoka jasho.

Zamani vitu vilijitaja. Rezista ilivaa tepe zake,
kahawia, nyeusi, nyekundu: elfu moja, haya, pita.
Kapasita ikiandikwa 104, basi ni kumi
na sufuri nne nyuma yake, kama vifaranga.
Siku hizi mwili umekuwa mdogo kuliko jina.
Punje ya ufuta haibebi ukoo mgongoni;
inabeba herufi moja, tarakimu moja,
lakabu ambayo viwanda vitatu vimewapa watoto watatu
wasiofanana hata pua.

Hii iliyoungua ina miguu miwili tu,
haina utosi wala unyayo. Moshi umeumeza mstari
ambao ungenionyesha juu ni wapi.
Naisugua kwa spiriti. Nainamisha taa. Chini ya lenzi:
6W.

6W, lasema daftari langu, hukaa kwenye antena.
Antena? Friji ya jibini imsikilize nani?
Nafunua kurasa, chai inapoa, naipasha, inapoa tena.
Hamazasp anakohoa kwenye kigoda kila robo saa,
kwa adabu.

Anaingia Tatev, binti yangu, darasa la pili,
mdomo umejaa aprikoti.
Ndiyo kwanza anafundishwa herufi za Kilatini,
na kila aionayo lazima aitamke:
kwenye sabuni, kwenye soli ya kiatu cha mgeni.
Ananing'inia juu ya lenzi kutoka upande wake wa meza.
"M," anasema. Anatema kokwa. "Tisa."

Masikio yakaniwaka.
Miaka ishirini na sita nasoma vitu vya watu
na sijawahi kuhamisha kiti.

M9 ni diodi ya kawaida, ya kila siku, hata haina bei.
Nimeing'oa kwenye mashine ya kufulia ya daktari wa meno,
ile iliyokufa masika. Lehemu ikameta, ikatulia.

Hamazasp amekimbia na taulo lake. Sijui kama atawahi.
Nimeandika daftarini: M9, friji, Hamazasp.
6W sikuifuta. Ipo siku itakuja
ikiwa yenyewe.