Kiganja Chini

Nimefunga kamera juu ya runinga,
chumba cha kati, Mabela, ghorofa ya pili.
Kiyoyozi kinakoroma. Pazia tumeshusha,
jua la Julai huipofusha mashine.

Wiki tatu nimeifundisha kwa mkono wangu:
kiganja kikipanda, muziki ukaze mwendo;
kikishuka, ulegee;
ngumi, usimame.
Hesabu tu. Hakuna uchawi.

Kanda ni ya harusi ya Thuweni, Sohar,
mwaka wa tisini na moja. Picha imeingia chumvi pembeni.
Baba yumo, safu ya pili, fidla kidevuni,
koti limemzidi mabega. La kuazima, anasema mama,
la jirani Mbaluchi, na lilirudi na doa la haluwa.

"Haya, mama. Leo bendi yako."

Akacheka. Akafuta mkono kwa kanga
kama anayekaribishwa sinia.
Akaupandisha: wapiga dumbaki wakatimka kama wamefukuzwa,
bibi harusi akapepesa kope kama sindano ya cherehani.
Akaushusha: upinde wa baba ukapata uzito,
na sauti haikunenepa (hilo nililipangia),
noti ileile, ndefu kuliko pumzi ya mtu.

Kisha baba akainua uso.
Sijui alimtazama nani, labda mshika kamera.
Mama akamwita.
Si kwa jina, jina lake hakulizoea kulitaja.
Kwa mkono: kiganja chini, vidole vikikwangua hewa,
njoo, njoo,
vile alivyotuita sote tukale.

Mashine ikaona kiganja chini.
Ikatii.
Kila njoo, baba akapunguza mwendo.
Upinde ukatambaa. Jicho likachukua sekunde nne kufumba.
Mama akaita kwa nguvu, baba akazidi kuchelewa,
mpaka ikabaki picha moja
na mlio mmoja mwembamba, kama uzi
uliokwama kwenye tundu la sindano.

Nilitaka kusema: geuza mkono, mama.
Ningeweza kurekebisha, mistari miwili tu ya programu.

"Yuleyule," akasema. "Namwita chakula kinapoa,
ndiyo kwanza anakaza nyuzi."

Hakuuondoa mkono.
Jikoni wali ulianza kushika ukoko, tukausikia harufu,
na hakuna aliyeinuka.