Silabi ya Kwanza

Driciru alisema, "Ilitoka."
Neno moja tu, kwa Kiswahili cha soko la Ariwara,
amekamata ukingo wa kizimba
kama mtu anayejaribu meza kabla ya kuinunua.

Kazi yangu hapa Arua ni kuvusha maneno.
Naapa asubuhi, nalipwa mwisho wa mwezi
au mwisho wa mwezi unaofuata.
Hakimu huandika kwa Kiingereza, kwa mkono,
na kalamu yake ilikuwa imesimama, inasubiri:
kimetoka kitu, au ametoka mtu?

"Amesema alitoka," akadakia mwendesha mashtaka.
"Ilitoka," akasema wakili Anguyo, bila kuinuka.
A. I.
Kati ya hizo mbili, miaka saba gerezani.

Ngeli nilifundishwa Koboko, kwa kiboko.
Kipofu ana ki- mwanzoni, lakini akifika, amefika.
Kifaru vilevile.
Maiti, mwalimu alisema, wazee wangali wanabishana:
amezikwa, imezikwa.
Kijusi hakukigusa.
Ona, nimekwisha kusema "ki".

Wangu ulikuwa mwezi wa nne.
Mama mkwe alichimba nyuma ya jiko, kina cha kiwiko,
akakifunika kipande cha kitenge udongo mwekundu,
akakataza mkeka, akakataza kilio.
"Hakuna aliyekufa," alisema,
nami nikaenda kuwatupia kuku mtama.
Miaka kumi na moja sasa.
Nikiwa peke yangu, nikiosha vyombo,
husema: angekuwa darasa la tano.
Sijawahi kusema: ingekuwa.

Kwa hiyo msiniulize mimi.
Au niulizeni, lakini mjue nimesimama wapi:
miguu miwili, mito miwili.

Na huyu mwenye watoto watatu nyumbani
na mume aliyekwenda Yumbe kutafuta mbao,
ngeli yake haina ubishi, ningedhani.
Ila tangu saa mbili karani anamwita kesi namba tatu:
iletwe. Irudishwe. Ingoje nje kwanza.

Mvua ikayapiga mabati.
Hakimu akaweka kiganja sikioni.
"Mkalimani, sijasikia. Rudia."

Nikamgeukia Driciru. Umesemaje, dada?
Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.
Akasema jambo jingine kabisa,
nalo nililivusha bila kusita, kwa sauti,
juu ya mvua:

anaomba kuketi.