Ndoo ya Mabogini

Mamkwe aliisukuma ndoo kwa mguu hadi nje ya uzio,
akaifunika jani la mgomba
kama mtu afunikaye maiti asiyemjua,
kisha akaenda kunawa mikono mfongoni
ingawa hakuigusa.

"Samadi ya Mawingu naijua," alisema.
"Mawingu nilimpokea mwenyewe akizaliwa, usiku, kwa kibatari.
Haya ya mjini, ni ya nani?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na koleo na mabuti ya mpira ya mwajiri,
na miezi minne ya kazi kule chini Mabogini,
ambako Moshi nzima hushuka kwa bomba
usiku na mchana, bila kuaga.

Ni ya nani?
Ya karani wa benki, na ya mdaiwa wake.
Ya mgeni aliyepanda mlima siku sita
akarudi na cheti na tumbo la kuhara.
Ya mpagazi aliyembebea hema, asiyepewa cheti.
Ya wodi ya wazazi, ya mahabusu,
ya shule ya bweni inayokula makande
Jumatatu hadi Jumatatu.
Na ya harusi ya Eliapenda, mama,
pale ulipokula pilau sahani mbili,
ukalala mjini kwa wifi yako,
na asubuhi ukavuta mnyororo.

Hili la mwisho nililimeza.
Mkwe ana mipaka yake.

Mwezi wa kwanza tope hukufuata mpaka ndotoni.
Unaoga kwa limau, unaoga kwa majivu,
mtoto bado anageuza uso ukimbusu.
Mwezi wa pili linapasukapasuka
kama kisigino cha mtu wa kiangazi.
Tunalichanganya na pumba za mpunga, tunalirundika,
na Nderingo, msimamizi wetu,
anachomeka kipimajoto katikati ya rundo
kama mama apimaye homa ya mwana,
ila yeye hufurahi homa ikipanda.
"Mayai ya minyoo yana subira," husema.
"Sisi tuwe na subira zaidi."

Tunachambua pia.
Wembe. Betri. Nepi. Jicho la mwanasesere.
Mji hutupa kila kitu chooni
halafu huziba pua ukipita karibu yetu.

Siku moja nyanya ziliota kitandani, pale pa kukaushia.
Hakuna aliyezipanda.
Mbegu ilipita kinywani mwa mtu,
ikapita giza lake lote, na bomba, na bwawa, na jua,
ikatokea upande wa pili na majani mawili
kama mtu aliyechelewa ibada, anaomba radhi.
Tuliziangalia. Hakuna aliyethubutu kuchuma.
Nderingo akasema taratibu ni taratibu:
mahindi sawa, miti sawa, majani ya ng'ombe sawa,
kinacholiwa kibichi hapana.
Akazing'oa.
Lakini alizing'oa polepole.

Mwezi wa nne nilikamata kiganjani:
nyeusi, jepesi, linanukia
kama vumbi linapopigwa na tone la kwanza.
Hilo ndilo nililopanda nalo mlimani,
ndoo moja, kichwani, kwa fahari ya kijinga.

Siku tatu ndoo ilikaa chini ya jani lake.
Siku ya nne mamkwe alinena, huku akipepeta ulezi,
bila kunitazama:
"Panda mabingobingo. Mstari mmoja.
Kule bondeni, mbali na kaburi la babako mkwe.
Mawingu akila, nitafikiri.
Asipokula, wewe na ndoo yako mtajuana."

Masika yakaja, yakakaa.
Ule mstari ulisimama juu ya mingine
kijani cha kutia aibu.
Nilikata mzigo, nikautupa horini.
Mawingu alinusa mara moja.
Akala.
Hakuuliza ya nani.

Mamkwe aliegemea nguzo ya zizi,
akamtazama mpaka bua la mwisho,
akaingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi niliikuta ndoo karibu na mabuti yangu,
imesuguliwa kwa mchanga,
mdomo juu.