Katuni ya Watu Wazima

Mia tano mlangoni, mia mbili ya karanga.
Banda la Chilongani, Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kusaga:
mabati juu, viroba pembeni, mabenchi ya kanisa lililohama.
Ilikuwa Julai, upepo unakwangua ukuta
kama mtu anayetafuta tundu la funguo gizani.

"Katuni?" akasema Sechelela, fundi cherehani.
"Mimi nimelipa kuona watu."

Lakini walikuwa watu. Ndiyo shida yenyewe.
Watu wa damu, kisha mtu akapita juu yao na kalamu,
picha kwa picha, akiwavika ngozi ya rangi,
na kila alipoinua mkono
mstari ulisogea kidogo:
pua haikutulia, shati lilipumua,
ukuta nyuma yao ulikuwa na homa.

Mwanamume anauza vidonge vya bluu.
Anavimeza pia. Kila akinawa uso
kioo kinamrudishia mwingine.
Mtafsiri wetu, Yaredi, na kipaza sauti chake kinachokoroma,
mwanzoni alimwita Bonge, katikati Shemeji,
tulipofika jela akawa "huyu jamaa".
Watu wakapiga kelele: Yaredi, ni yule yule au siye?
Yaredi akanyamaza. Kikabaki Kikorea kitupu
kikitunyeshea kama mvua kwenye bati la jirani.
Kisha akasema, si kwa sauti yake ya kazi:
"Jamani, hata mimi sijui."

Dereva wa bodaboda alicheka mpaka akamwaga karanga.
Mwanafunzi wa chuo akasema hili ni fumbo,
akaanza kulifumbua, akazomewa.
Sechelela akasonya: "Uongo mtupu.
Mtu hawezi kupotea ndani ya shati lake mwenyewe."

Mimi sikusema kitu.
Nilikuwa naangalia ule mstari.
Miaka sita nimeishi ndani yake.

Niliwahi kumwona mama mlangoni, katoka Bahi,
kabeba mlenda mkavu kwenye kitambaa,
nikamwamkia vizuri, nikampisha kigoda,
na mama alikuwa kaburini tangu kifuku.
Niliwahi kuiba redio kwenye nyumba moja Nkuhungu,
alfajiri nikaungana na wenye nyumba kumsaka mwizi.
Nilimsaka kwa moyo mmoja.
Nilichungulia hata mtaroni.
Ningempata, wallahi, ningempiga.

Saa tatu na robo umeme ukakatika.
Yule jamaa alikuwa amesimama mbele ya mlango,
mkono kwenye kitasa.
Chilongani akaapa luku anayo, ni mtaa mzima.
Tukangoja. Gizani kila mtu akaimalizia:
amekufa. Ameokoka. Alikuwa anaota.
Walikuwa wawili tangu mwanzo, nyie hamkuona viatu?
"Na mlango wenyewe umechorwa,"
akasema mtoto wa muuza karanga,
na hakuna aliyembishia.

Tulitoka tukishika mabega ya waliotangulia.
Sechelela alinivuta mkono: "Wewe mbona umelowa jasho,
na baridi yote hii?"

Asubuhi, Itega, foleni ya dawa.
Kikombe kidogo, maji ya kusukumizia.
Hapo lazima uzungumze, nesi asikie koo limemeza,
kwa hiyo kila siku huuliza lile lile.
Kadi anayo mkononi. Namba yangu anaijua kuliko mimi.
Nyuma yake dirishani vumbi, kilima, kunguru wawili juu ya waya;
nikapima kingo zao, mmoja mmoja.
Wa kushoto alitikisika.
Upepo, nadhani.

"Jina?"

Mtaani waliniita Kiberenge. Nikalimeza na hilo.
"Ndahani," nikasema.

"Ndahani nani?" akauliza,
kalamu tayari juu ya karatasi.