Ndoo ya Katekista

Landelini katekista alikuja na ndoo nyeupe,
ile yenye msalaba wa rangi ya kucha ubavuni
ili isichanganywe na za kufulia.
"Jaza," akasema, "kesho padri anabariki."
Nikamwambia: "Hamsini, Mwalimu. Na foleni inaanzia kule,
nyuma ya yule mtoto aliyekalia dumu."
Akanitazama.
Akaenda nyuma ya mtoto.

Maji haya yanatoka Mitema, bondeni.
Yanapandishwa usiku, umeme ukiwepo,
yanaupanda mlima wa Newala yakinung'unika ndani ya bomba,
na yakifika kwetu ni Jumanne, au Jumamosi,
au hayafiki.
Mimi nina ufunguo, daftari,
na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibiwe.
Sijawahi kuitwa mtakatifu,
ila mara moja, kwa kejeli.

Zamani nilidhani utakatifu unanukia ubani.
Nilipokuwa binti, kule Ndanda, niliwatazama masista
wakipita na viatu visivyo na sauti,
nikasema: hawa wamekwisha kufika.
Kumbe yule wa mbele, mwenye uso wa kung'aa,
alikuwa anakwenda kuzibua choo cha wodi ya wazazi.

Siku hizi nasali hivi, mkono ukiwa kwenye koki:
nisijaze nusu nikaandika nzima.
Nisimpe ndugu yangu zamu ya mtu.
Nisimfokee bibi asiyesikia.
Povu likijaa mdomoni mwa ndoo, ningoje litulie, niongeze,
maana povu si maji,
na hakuna aliyelipia hewa.
Ni sala fupi. Nayo hunishinda
kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa mfano, wifi yangu Kunigunda.
Mikorosho mitatu ya mpakani, marehemu kaka alisema ni yangu;
yeye ameiokota misimu miwili
na kupeleka korosho ghalani kwa jina lake.
Kanisani tunakaa benchi moja.
Amani ya Kristo tunapeana kwa ncha za vidole
kana kwamba zimeungua.
Ijumaa iliyopita alifika wa mwisho,
ndoo mbili, na mjukuu mgongoni anachemka homa.
Bomba lilikuwa limeanza kukohoa.
Ndoo moja ingepatikana. Naijua ile sauti, ingepatikana.
Nikafunga kufuli, nikasema, "Yamekwisha."
Nikaandika daftarini: yamekwisha.
Mwandiko mzuri kabisa.

Usiku ule dumu langu lilikuwa chini ya kitanda, lita ishirini.
Kila nilipogeuka nililisikia likitikisika.
Sikulipeleka. Niseme kweli: sikulipeleka.
Somoe, jirani yangu, anayeswali msikiti wa sokoni,
ndiye aliyetoka na nusu ndoo na kibatari,
akapita mbele ya nyumba yangu kuelekea kwa Kunigunda.
Nilimwona kwa ufa wa mlango.
Mpaka leo hajanitajia.

Zamu ya Landelini ikafika.
Nikaisuuza ndoo yake, nikafungua koki.
Povu likapanda. Nikangoja. Nikaongeza.
Kesho padri atanyoosha mkono juu yake
na watu watachovya vidole pale mlangoni,
nami nitachovya.
Yatakuwa yale yale, yaliyosimama foleni
nyuma ya mtoto aliyekalia dumu.
"Kunigunda yupo nyumbani?" nikamuuliza.
"Mjukuu amepata nafuu," akajibu,
jambo ambalo sikuliuliza.

Nimefunga saa sita. Hesabu imezidi shilingi hamsini
nisizojua ni za nani. Nimeziandika.
Dumu liko kichwani.
Njia ya kwake inapita chini ya ile mikorosho mitatu;
mabibo yameanza kuanguka, nzi wanayashangilia,
na sijui nikifika nitasema nini.
Hodi, pengine.
Mfuniko umelegea. Maji yananidondokea shingoni,
ya baridi, tone kwa tone,
na bado sijafika.