Dakika Nne

Fomu inauliza: Urefu wa filamu?
Chini yake, kwa herufi ndogo: usizidi dakika arobaini.
Yangu ina arobaini na nne.

Mwanjelwa imeshafunga mabanda.
Baridi ya Julai inapita chini ya mlango
kama paka anayejua nyumba.

Miaka mitatu, kamera ya kuazima,
maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli
kwenye mpini wa jembe,
Lusekelo akishika taa huku anasinzia,
na mashamba ya pareto ya Ilembo yakiwa meupe
kana kwamba mtu alimwaga unga njiani asigeuke kuuzoa.

Ada ni elfu sabini na tano.
Nimeihesabu kwa kodi ya chumba, nimeihesabu kwa bati
alizoniomba mama tangu masika.
Mama hakukataa. Alisema tu,
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,"
akaendelea kupepeta maharage.
Tangu siku hiyo namjibu peke yangu, usiku:
mbona viazi vya Ilembo ni vizuri
na bado hupakiwa kwenye lori saa kumi alfajiri,
vikaliwe na mtu asiyejua jina la kilima?

Tuseme nimetuma.
Tuseme ukumbi una viti vyekundu na watu wanaojua kunyamaza.
Watausikia upepo ulioingia kwenye sauti dakika ya tisa.
Watakiona kivuli cha Lusekelo ukutani.
Au hawataona lolote, itakuja barua: tunasikitika.
Hilo naliweza. Nimeshasikitikiwa na benki,
na chuo, na baba wa mchumba.

Shida ni hizi dakika nne.

Ni jikoni kwa Atupele. Anamenya viazi. Basi.
Hasemi, hainui uso.
Ganda linashuka refu, halikatiki.
Mhariri yeyote angeanzia hapo na mkasi.
Mimi mwenyewe nimeikata mara mbili
na mara mbili nimeirudisha,
kama mtu anayehamisha kitanda kwenye chumba kidogo.

Jumamosi nilipanda bodaboda toka Mbalizi,
vumbi mpaka kwenye kope,
nikamwonyesha kwenye simu.
Alifuta mikono kwenye kanga, akatazama.
"Watanilipa?"
Hapana, mama.
"Watanicheka?"
Sijui.
Kisha akaacha kutazama, akasogeza sikio.
"Rudisha hapo."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."

Nyuma ya ukuta, dakika ya thelathini na tatu,
mtu anakohoa. Mara mbili kwa nguvu,
halafu kidogo, kama anayeomba radhi.
Daftarini nilikuwa nimeandika: kelele, ondoa.

"Huyo ni Anyosisye," alisema.

Tulimzika Machi.
Picha zake zote amekunja uso.
Sauti yake haipo popote ila hapo,
kati ya kisu na sufuria,
na mimi ndiye niliyeiita kelele.

Atupele hakuniomba kitu.
Alinifungia viazi kwenye mfuko wa rambo,
akauliza kama barabara ilikuwa mbaya.

Sasa ni saa tano na dakika hamsini.
Saa sita fomu inafungwa.
Naweza kukata, nikaingia mlangoni mwao nimeinama.
Naweza kuifungia kabatini nikajiita mwenye subira.
Naweza kusema urefu wangu ulivyo
wakanitupa kabla hawajazima taa.

Viazi vinachemka.
Nimevimenya vibaya, maganda yamekatikakatika,
nusu ya nyama imebaki kwenye ganda.

Naandika nne.
Pembeni yake, nne nyingine.
Natuma.

Halafu navaa kofia ya sufu,
natoka kutafuta chumvi,
kama kuna duka bado liko wazi.