Ala ya Fundi Cirhuza

Kisu hakitoki.
Mbuzi amelala ubavu, miguu mitatu imefungwa,
wa nne ameushika Byamungu,
maji yanachemka kwenye sufuria ya watu themanini,
na mimi, mchinjaji wa kuitwa, niliyelipwa nusu tangu jana,
nimesimama navuta
kama mtu anayeng'oa jino la mwenzake.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama.
Juu ya ala hawakusema kitu.

Mbuzi ananitazama.
Macho yake ya manjano hayana haraka.

Ala ya kwanza ilikuwa ya marehemu baba,
ngozi imelegea;
ukiinama kufunga kamba ya kiatu, kisu hicho, chini.
Siku moja ya mvua, kwenye mteremko wa Kadutu,
watu wanashuka, watu wanapanda, na tope linakwenda nao wote,
kikanichomoka kiunoni
kikatua katika beseni la sambaza la mama mmoja,
wima, kikitetemeka,
sentimita mbili kutoka kidole chake.
Hakupiga kelele. Alisema tu:
"Kisu chako hakina nyumba."
Nikalipa beseni zima. Usiku sikulala.

Ndipo nikaenda kwa Cirhuza, anayeshona viatu
chini ya bati, nyuma ya soko la Nyawera.
"Nishonee ala inayoshika.
Ishike hata nikianguka."
Akapima kwa uzi. Akauliza mara mbili: "Ishike kiasi gani?"
Nikasema: "Ishike."
Mtu aliyeogopa hana kipimo.

Basi, imeshika.

Nikaivuta kwa hasira, vidole vimezunguka mshono,
na makali yakala uzi kama panya ndani ya gunia,
yakatokea upande wa pili, yakanisalimu kiganjani.
Damu ya kwanza ya arusi ile ilikuwa yangu.
Shemeji mmoja wa bwana arusi akacheka,
kisha akaona ni nyingi, akaacha.
Byamungu alichinja kwa kisu cha kukatia sombe.
Sitaki kusimulia. Mbuzi yule hakustahili.

Nusu ya malipo niliirudisha mwenyewe.

Cirhuza akaigeuza ala juani, akatia kidole mdomoni mwake
kama daktari.
"Hapa sawa. Hapa sawa. Hapa ndipo panaponyonga."
Nikasema nitapaka mafuta ya mawese.
Akaguna: "Leo italainika, kesho italegea kama ya baba yako,
utarudi kwa mama wa sambaza."
Nikasema nitaigonga kwa nyundo.
Hata hakujibu.

Akafumua. Akashona upya,
na katikati ya mshono akatia utepe wa ngozi ngumu
ili makali yakitaka kula, yale huo kabla ya uzi.
Akaizamisha ala katika maji ya uvuguvugu
mpaka mapovu yakakoma.
Kisu akakivisha nailoni, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili,
akakisukuma ndani polepole.
"Kilaze siku mbili. Usikiweke karibu na mkaa.
Ngozi ikiharakishwa hukauka kwa kinyongo."

Siku mbili kilikaa juu ya kabati.
Mke wangu alikipita bila neno.
Binti yangu Nshobole, miaka tisa, ndiye aliyeuliza:
"Baba, ala inafanya nini?"
Nikamwambia inajifunza umbo la kisu.
"Na kisu kinajifunza nini?"
Bandeji yangu ilikuwa imelowa.
Nikajifanya sijasikia.

Jumapili usiku nikatoa nailoni.
Nikaegemeza kidole gumba kwenye mdomo wa ala,
nikasukuma, sikuvuta:
tk,
kama mtu anayekubali jambo bila kulipenda.
Nikakirudisha. Tk.
Nikaipindua ala kichwa chini juu ya kitanda.
Kikakaa.
Nikatikisa. Kikakaa.
Nikatikisa kwa nguvu zaidi, kwa ajili ya yule mama,

kisha nikajikuta naendelea,
nyumba nzima imelala,
mara ya kumi, mara ya kumi na moja,
nikisubiri kianguke.